Kasi ya Mikono ya Lella Mahbouba

Hii ni wiki ya nane. Kila Alhamisi baada ya alasiri watu kumi na mmoja hukaa nusu duara katika ua wa kinu cha zamani cha mafuta, hapo mjini Testour, na kati ya mpiga udi na mpiga fidla kuna nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyeamuru nafasi hiyo iachwe. Wiki ya kwanza kiti kiliondolewa. Wiki ya pili kikarudishwa, kwa sababu mpiga udi alilalamika kwamba upepo unampiga ubavuni. Tangu hapo kiti kipo, ganuni haipo. Wakifika pale ambapo ganuni ilizoea kuijibu fidla, fidla inauliza na haijibiwi. Bwana Béchir, au Si Béchir kama wanavyomwita hapo, mkuu wa chama chao cha muziki, huliziba pengo kwa kukohoa.

Mwenye ganuni hiyo, kinanda cha nyuzi nyingi cha kulaza mapajani, ni Jalila Gharsallah. Ana miaka arobaini na minne, na ishirini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza nyuma ya dirisha la tatu la posta, akiwapa wazee pensheni zao na kuwaeleza kwa nini karatasi iliyokubaliwa mwezi uliopita haikubaliwi mwezi huu. Ni mwanamke mwembamba, wa maneno machache, na wengi walidhani kuwa ni mpole. Walikosea. Pasi ya moto na pasi ya baridi hazitofautiani kwa kutazama, mpaka uguse. Jalila alikuwa na hasira tangu asubuhi: hasira na mfereji uliotoa hewa badala ya maji, hasira na mhuri uliokauka ambao barua tatu za kuomba mwingine hazikujibiwa, hasira na jirani aliyemuuliza kila Ijumaa kama bado anasubiri bwana harusi. Jioni alikuwa akiitandaza hasira hiyo juu ya meza ya jikoni, pamoja na fomu za posta zilizopitwa na wakati, na nyuma ya fomu hizo akaandika muziki.

Muziki wenyewe ulikuwa wa gemu. Hilo alilificha kwa miaka mingi kama wengine wanavyoficha sigara.

Ilianza alipokuwa na miaka kumi na moja. Baba yake alikuja na mashine ya gemu kutoka soko la bidhaa za Libya, mashine ya bandia, jina lake limepungukiwa herufi moja, na ndani ya boksi kaseti moja tu. Ulikuwa mchezo wa mtu anayebeba chumvi kuvuka milima. Njiani kuna majambazi na mawe yanayoporomoka, lakini kila baada ya mlima kuna kijiji chenye kisima, na ukimsimamisha yule mtu kando ya kisima, hakuna kinachomgusa. Hapo unaanza wimbo mwingine, wa taratibu, na unaendelea kwa muda wote ambao hujabonyeza kitu.

Mama yake, Lella Mahbouba, siku za Jumatano alikuwa akitengeneza kuskusi sebuleni, kwa sababu jikoni hapakuwa na nafasi ya sinia kubwa. Alikaa chini, miguu ameinyoosha, sinia katikati, akinyunyiza maji ya chumvi na kuuzungusha unga kwa viganja mpaka ujikusanye chembe chembe. Siku moja Jalila alimwacha mtu wa chumvi kisimani akaenda chooni. Aliporudi alikuta mikono ya mama inakwenda na wimbo, mzunguko mmoja wa kiganja kwa kila pigo, na mama anauvumisha puani. Akataka kuendelea na mchezo.

"Mwache hapohapo," mama akasema. "Akiondoka atakufa, na mimi mkono utanipotea."

Basi ikawa desturi. Kila Jumatano mtu wa chumvi alisimama kisimani, saa nzima wakati mwingine, na mama akazungusha unga, na Jalila akakaa karibu naye akiuchunga mchezo usichezwe. Kaka yake Mourad hakuyaweza hayo. Kwake gemu ni kushinda. Jumatano alikwenda uwanjani kucheza mpira. Maji ya chungu yakichemka mama alisema, "Haya, zima," na Jalila akazima, popote wimbo ulipokuwa umefika.

Mama alifariki Jalila akiwa na miaka thelathini na minane. Wiki moja baada ya arobaini, alikaa na ganuni, ambayo alikuwa amejifunza shuleni na kuiacha na kuirudia, akautafuta ule wimbo kwa vidole. Ulikuwapo wote. Tangu hapo hakuacha.

Anayedhani kazi hii ni ya kitoto ajaribu. Mashine zile zilikuwa na sauti chache mno, mbili za kuimba na moja ya chini, pamoja na mchakacho uliotumika kama ngoma. Watu waliozitungia walibanwa kama waliofungiwa chumba cha hatua mbili, na humohumo wakajenga. Walipotaka sauti tatu zilie kwa pamoja na nafasi hawana, walizirusha moja baada ya nyingine, haraka haraka, mpaka sikio likadanganyika. Jalila aliipa ganuni kazi hiyo, kwa kuwa nyuzi zake zinajua kutetemeka bila kuchoka. Sauti ya kwanza akaipa fidla, ya pili udi. Pale ambapo mama alizoea kuishusha noti moja kidogo, nusu ya nusu, hadi ikawa si ya kizungu tena bali ya kwetu, Jalila akaishusha vilevile. Kitu kimoja tu kilimshinda. Muziki wa gemu hauna mwisho. Unazunguka na kurudi ulikoanza, na atakayeutoa jukwaani lazima aamue mahali pa kuukata. Aliandika miisho minne akaichana yote.

Mwezi wa Aprili alizipeleka fomu zake kwenye chama. Chama kile ni cha maluf, nyimbo ambazo babu zao walivuka nazo bahari kutoka Andalusia, na watu wake hawapendi kuguswa. Mpiga udi aliuliza kama na wao sasa watavalishwa kofia za watoto. Ammi Hamda, kinyozi mstaafu, mpiga nakara, zile ngoma ndogo mbili, ambaye ndiye anayewashikia wote mapigo, alisema yeye kama kuna zimwi la mwisho wa mchezo anaomba nafasi hiyo, sura anayo tayari. Walicheka. Jalila alingoja wamalize kucheka, akapiga.

Si Béchir, mwalimu mstaafu, alisikiliza akitazama sakafu. Mwishoni aliuliza, "Nani amekufundisha kuishusha hiyo noti?"

"Mama."

"Basi huu si wa watoto," akasema Si Béchir, na kiti cha Jalila kikasogezwa kutoka pembeni hadi katikati.

Ile ilikuwa miezi yake mitano ya furaha, na hasira yake ilipungua kiasi kwamba wazee wa foleni walitambua. Walifanya mazoezi kwa kasi aliyoitaka. Ammi Hamda aliinyanyua mikono juu ya nakara na kuishusha kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto mgonjwa. Wimbo uliwekwa kwenye orodha ya tamasha la Oktoba, wakati mapera ya shira, yale ya manjano ya kupikia jemu, yanapoiva na mji mzima unanukia. Jalila hakuomba jina lake litajwe. Alitaka kitu kimoja tu: mara moja, mbele ya watu, mikono ya mama yake isikike.

Mwezi wa Septemba Mourad, anayeishi Grenoble miaka kumi na minane sasa na kurekebisha lifti, aliusikia mkanda wa mazoezi ambao mpiga udi alimtumia. Hakumpigia dada yake. Aliandika moja kwa moja kwenye kundi la simu la chama, ambalo aliingizwa kwa heshima kwa vile aliwahi kuwachangia pesa za viti.

"Jamani," aliandika, "dada yangu anawapigisha muziki wa mazishi. Sikilizeni wimbo wenyewe. Mashine yetu ilikuwa ya magendo, kila kitu kilikuwa kinachechemea." Chini yake akaweka wimbo wa asili, na sura saba za kucheka mpaka machozi.

Jalila aliufungua saa ya chakula, ghalani, katikati ya vifurushi. Ulikuwa mwepesi, wa kurukaruka, wa mtu anayewahi basi. Mourad alikuwa ameeleza kila kitu, kwa furaha ya fundi. Televisheni za kule mashine ilikobuniwa huchora picha mara sitini kwa sekunde, zetu mara hamsini, na muziki ulifungwa na picha kama mbuzi na kamba. Penye sita wao, sisi tulipata tano. Nusu ya dunia ilipewa wimbo, na nusu nyingine ikapewa wimbo uliochoka, na hakuna aliyejali kuwaambia.

Lakini si hilo lililomfanya akae chini. Chini ya wimbo kulikuwa na sauti ya tatu ambayo hajawahi kuisikia. Ilitembea taratibu, nzito, nzuri mno. Spika ya televisheni yao ilikuwa imechanika, baba akaiziba kwa gundi, na gundi ikaimeza sauti hiyo kwa miaka yote. Mama yake alikufa bila kujua kwamba ipo. Jalila alikaa juu ya kifurushi cha mtu na kuisikiliza mara tano, na kila mara hasira ilipanda kidato kimoja: hasira na soko, na gundi, na waliotengeneza, na televisheni, na umaskini wao wenye adabu uliowafanya washukuru kwa kila walicholetewa kikiwa nusu. Hakukuwa na hata mtu mmoja wa kumshika shati. Isipokuwa Mourad, aliyecheka.

Alhamisi ile alikuta Si Béchir amekwisha kuamua. Aliongea kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya. Alisema hakuna aibu, kila mtu hukosea, bahati nzuri wamegundua mapema. Tena kwa kasi yake ya kweli wimbo unafaa kufungia tamasha, watu wapige makofi, kuliko kuwalaza.

"Usahihi ni usahihi, mwanangu," akasema.

"Usahihi wa nani?"

"Wa mtunzi."

"Mtunzi hajawahi kufika nyumbani kwetu, Si Béchir."

"Lella Jalila, mashine ilikuwa mbovu. Tusiufanye ubovu kuwa sanaa."

Jalila alizivua kucha za bandia za kupigia ganuni, akaziweka juu ya goti, moja moja. "Toka nje uutazame mnara wa msikiti," akasema. "Saa ya mji huu inazunguka kinyume na saa za dunia nzima. Mnaipaka mafuta. Mnaipiga picha. Wageni wakija mnawaonyesha kwa kidole. Mbona hiyo hamjaisahihisha?"

Ammi Hamda alicheka, kisha akaona ni yeye peke yake, akainamia nakara zake.

"Saa ile ni ya babu zetu," akasema Si Béchir.

"Na huu ni wa mama yangu."

Kila mtu aliuona mstari uliopigwa sakafuni. Si Béchir, ambaye hapendi mistari, akasema wapige kura. Mikono minane ilinyanyuka kuikubali kasi ya Mourad. Mkono wa Ammi Hamda ulinyanyuka wa mwisho, nusu, kama wa mwanafunzi asiyejua jibu. Wawili walijifanya wanakaza nyuzi. Kisha Si Béchir, kwa kutaka kumtuliza, akasema utangulizi unabaki wake, ganuni peke yake, mizunguko miwili, apige anavyotaka. Wao wakiingia, wataingia na kasi sahihi. Jalila alisema sawa. Walifurahi. Walidhani pasi imepoa.

Siku ya tamasha ilikuwa Jumamosi, jua bado lipo. Ua ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya jiwe la kinu. Mourad alikuja kutoka Grenoble, akakaa mstari wa mbele na simu mkononi, shati limenyooka, akisalimia watu kwa mabusu mawili mawili ya mashavuni. Kabla ya wimbo wa mwisho Si Béchir alisimama akaeleza kwa mzaha kuhusu mchezo wa watoto, mashine ya bandia, na jinsi mtoto wa mji aliye ughaibuni alivyowasaidia kurekebisha kosa. Watu walimpigia Mourad makofi. Aliinuka nusu, mkono kifuani.

Jalila alianza. Mzunguko mmoja wa kiganja kwa kila pigo. Ua ulitulia, hata watoto. Mzunguko wa pili ulipokaribia mwisho Si Béchir alianza kugonga mguu chini, haraka, kumwonya kwamba wanakuja. Jalila hakumtazama. Nakara zikaingia, fidla zikaingia, udi ukaingia, wote kwa kasi iliyopigiwa kura, na ganuni haikuongeza hata nywele. Kwa muda wa labda nusu dakika ua ule ulibeba nyimbo mbili, mmoja unakimbia, mmoja umekaa chini umenyoosha miguu. Mpiga udi alijaribu kumfuata Jalila, akapotea, akaacha. Kisha Si Béchir, uso umemwiva, aliinua upinde wa fidla yake, na wote wakanyamaza.

Ganuni haikunyamaza.

Aliendelea peke yake. Mzunguko wa tatu, wa nne. Mkono wa kushoto sasa ulikuwa chini, kwenye nyuzi nene, na waliokuwa karibu walisikia kitu ambacho hakikuwamo katika mazoezi: ile sauti ya tatu, aliyojifunza ghalani, ameivuta nyuma mpaka ikaja kwa mwendo wa sinia. Hapo ndipo walipokutana kwa mara ya kwanza, sauti ile na mikono ile. Mzunguko wa tano. Watu walitazamana, hawajui kama wanashuhudia wimbo au ugomvi. Mourad aliishusha simu. Katikati ya mzunguko wa sita, katikati ya mstari, mahali ambapo hakuna mwanamuziki ambaye angekata, Jalila aliweka viganja viwili juu ya nyuzi.

 Mtu mmoja nyuma alipiga makofi kwa kubahatisha. Jalila aliifunga ganuni kwenye shuka lake, akapita katikati ya watu, akatoka.

Mourad alimkuta nyumbani akiosha vikombe. Alisema amemtia aibu mbele ya mji mzima. Alisema ni gemu tu, mama mwenyewe angecheka.

"Jumatano ulikuwa wapi?" Jalila akauliza.

"Jumatano gani?"

"Zote."

Alifikiri. "Uwanjani."

"Basi usinisahihishie nyumba ambayo hukuwamo."

Mourad alikaa siku mbili zilizobaki kwa mpiga udi. Aliporudi Grenoble alituma ujumbe mrefu, na Jalila akausoma hadi alipofika kwenye neno "lakini", akauacha hapo.

Siku ya pensheni Ammi Hamda alikuja dirisha la tatu, kofia mkononi. Aliinama kwenye kioo akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto wa dada yake ameoa kwa Si Béchir, na mtu huishi na watu, angefanyaje. Alisema roho yake ilikuwa na Jalila tangu mwanzo. Jalila alimsogezea karatasi.

"Saini hapa, Ammi Hamda."

Akatia saini. Alipokuwa akingoja, vidole vyake viwili, vilivyozoea, vilikuwa vinagonga ubao wa dirisha. Vilikuwa vinaupiga ule wimbo. Vilikuwa vinaupiga haraka, kama walivyokubaliana. Mwenyewe hakuwa na habari. Jalila alivitazama vile vidole mpaka mtu wa nyuma kwenye foleni akaguna.

"Na hapa," akasema.

Jioni ileile alichukua fomu moja ambayo haikuwa imepitwa na wakati, akaandika mbele badala ya nyuma. Aliomba uhamisho, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mmoja ofisi ilijibu upesi.

Tangu Jumatatu ya kwanza ya Desemba Jalila Gharsallah yuko posta ya Teboursouk, mji wa jirani, dirisha la pili. Alhamisi hufunga saa kumi na moja, na basi linamfikisha Testour, kama alivyokusudia, baada ya chama kutawanyika.